Fundi Pampu na Moyo wa Mbuke

Shemeji yangu Maduhu haamini kitu mpaka akishike. Ukimwambia chai ni ya moto, anakigusa kikombe kwanza. Ukimwambia mtoto ana homa, hatazami uso wake, anaweka kiganja shingoni. Siku ukoo wake ulipoleta ng'ombe wa mahari ya dada yangu Mbuke, wazee walikuwa bado wanabishana kuhusu dume mwenye pembe iliyovunjika wakati bwana harusi mwenyewe alipoondoka kimya kimya, akaenda kwa jirani kuishika pampu ya kisima iliyokuwa inakoroma. Mama alinivuta pembeni akaniuliza, "Lusia, huyu mtu ana akili timamu?" Nikamwambia sijui. Kuna siku mpaka leo sijui.

Mimi ni mshona nguo, nakaa Ngokolo, hapa Shinyanga mjini. Wao wanakaa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, na Maduhu ni fundi pampu. Asiyeijua kazi hiyo anaweza kuidharau. Shimo la dhahabu, ambalo wachimbaji wanaliita duara, likishakwenda chini sana linaanza kutoa maji. Maji yakijaa hakuna wa kushuka, hakuna mawe ya kupandisha, na jioni hakuna ugali. Kwa hiyo asubuhi, kabla watu hawajazama shimoni, Maduhu anawasha pampu ya dizeli, anaweka kiganja juu ya chuma chake, anafumba macho. Anasema pampu yenye afya inamtekenya na pampu mgonjwa inamgonga. Wenzake wanamcheka sana kwa hilo, lakini hakuna anayeshuka kabla Maduhu hajafumbua macho.

Ana sheria moja ambayo haina mjadala. Duara likikauka, zima. Pampu ikiendelea kuzunguka bila maji inanyonya hewa, inapata moto, inaungua, na pampu ikiungua duara zima linalala. Ameshagombana na watu wazima kwa ajili ya sheria hiyo. "Pampu haizungushwi kwenye kavu," anasema, na huwa anasema huku amekunja uso, yeye ambaye hata akikanyagwa anaomba radhi. Ni sheria nzuri kwa pampu. Ndiyo iliyotaka kumuua dada yangu.

Ugonjwa wa Mbuke ulianza kwa kuchoka. Mwanamke aliyekuwa analima karanga mpaka jua linazama, na bado anapika huku anaimba, akaanza kusimama njiani akitoka lambo na ndoo ya maji, akisingizia anafunga kanga vizuri. Halafu akawa hawezi kulala chali, analala ameegemea mito kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Halafu miguu ikavimba. Alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vya kanisani, nilivyomnunulia mimi siku ya kipaimara cha binti yao Hosiana. Havikuingia tena. Mbuke akaenda misa na kandambili, na anayemjua dada yangu anajua kwamba hapo hali ilikuwa mbaya.

Walipokuja hospitali ya mjini wakaambiwa ni moyo. Mtaalamu aliyempima aliuliza kama utotoni alikuwa anaumwa koo. Nilikuwapo, nikajibu mimi. Kila mara. Mafindofindo yakimshika hawezi kumeza hata uji, na bibi yetu akaona dawa ni kumpeleka kwa mzee mmoja akakatwe kimeo. Kimeo kikakatwa, koo likaendelea kuuma. Kumbe koo la namna ile lisipotibiwa kwa dawa yake, kwa watoto wengine ugonjwa unashuka taratibu na kwenda kuharibu valvu za moyo, na mtu anazeeka nao bila kujua. Bibi yetu alitupenda. Nasema hivyo ili nisije nikamkasirikia na yeye, maana hasira zangu ni nyingi na hazichagui mtu.

Mbuke akapewa vidonge, na kati yake vile vya kukojoza, vya kupunguza maji mwilini. Akaambiwa anywe kila siku na arudi kliniki. Maduhu ndiye aliyevishika vidonge hivyo, maana kwake hilo lilikuwa jambo la fundi. Kila asubuhi kabla ya kwenda machimboni alimpa mkewe dawa kwa mkono wake, kisha akapiga magoti na kumbonyeza mguu kwa kidole gumba. Kidole kilizama na kuacha shimo. Akalitazama shimo lile mpaka lijifute, akaondoka. Siku zikaenda, shimo likawa dogo, kisha likawa alama tu, kisha ngozi ikarudi papo hapo. Jumapili moja Mbuke akavaa viatu vyake vyeusi. Alinipigia simu kunieleza habari ya viatu tu, hakuna kingine, na nikasikia Maduhu nyuma yake anacheka.

Siku hiyo hiyo Maduhu akavikusanya vidonge vilivyobaki, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga mfuniko na kuliweka juu ya kabati. Hakuvitupa. Alikuwa anavitunza kwa ajili ya siku maji yatakapoingia tena, kama anavyotunza dizeli. Duara limekauka, akazima.

Habari ya kopo nilikuja kuijua baadaye. Kilichonifikia kwanza ni kwamba Mbuke ameanguka njiani akitoka lambo, anatweta, povu jekundujekundu linamtoka mdomoni. Majirani wakambeba, wakapata pikapu, na mimi nikawakuta hospitalini wameshampeleka ndani na kumwekea hewa. Maduhu alikuwa kwenye korido, tope la machimboni limemkaukia miguuni.

"Shemeji, dawa alikuwa anakunywa?" nikamuuliza.

"Maji yaliisha," akasema. "Nilizima."

"Ulizima nini?"

"Dawa. Miguu ilikauka, shemeji. Viatu viliingia."

Kuna maneno niliyomwambia pale ambayo siwezi kuyaandika, na kuna moja naweza. Nilimwita muuaji. Nililisema kwa sauti, wagonjwa wakageuka, muuguzi akanitaka nitoke nje. Maduhu alisimama na mikono yake mikubwa imening'inia, anaitazama. Nilimchukia. Nilijiambia dada yangu akifa, mtu huyu asije akakanyaga tena mlango wangu.

Mbuke hakufa siku ile. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa binti mmoja anaitwa Violeth, mdogo kwetu kwa mbali, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alitoka akatuita chumbani kwake, akamwamkia Maduhu, "Shikamoo baba." Maduhu akaitika marahaba kwa sauti ambayo haikusikika. Nilitegemea daktari atamfokea, na kwa kweli nilikuwa naisubiri hiyo raha. Hakumfokea. Alivuta karatasi akachora.

"Moyo ni pampu mbili, baba, zimebanana na ukuta katikati. Kila moja ina chumba cha juu cha kupokelea na chumba cha chini cha kusukumia. Damu iliyochoka, inayotoka mwilini kote, inaingia upande wa kulia, chumba cha juu. Inashuka chumba cha chini, inasukumwa kwenda kwenye mapafu kuchukua hewa. Ikishachukua hewa inarudi moyoni, upande wa kushoto sasa, juu, halafu chini. Hiki cha chini kushoto ndicho chenye nyama nene kuliko vyote, kwa sababu kinaisukuma mpaka kwenye vidole vya miguu. Na huko miguuni ikishatoa hewa yake, inarudi tena kulia. Milangoni kuna valvu, damu iende mbele, isirudi nyuma."

Maduhu alikuwa ameinamia karatasi. "Maji yanatoka wapi?" akauliza.

"Maji gani, baba?"

"Yaliyojaa miguuni. Yaliyomjaa leo. Yanaingilia wapi?"

"Hayaingilii popote. Yanatoka kwenye damu yenyewe. Valvu ya kushoto ya mama, hii iliyo kati ya juu na chini, imekakamaa, haifungi. Moyo ukisukuma, damu nyingine inarudi juu, inasongamana mpaka kwenye mapafu, na maji yake yanavuja humo. Upande wa kulia nao unachoka kusukumana na msongamano huo, ndipo na miguu inavimba."

"Lakini yale tuliyatoa."

"Mliyatoa. Valvu ikabaki ilivyo."

Maduhu akatikisa kichwa kukubali, namna ile ile anavyotikisa ukimwambia chai ni ya moto. Nikajua hajaamini.

Kesho yake mchana, nikiwa nyumbani nashona sare za shule ili mikono yangu ipate la kufanya, akaingia uani na mfuko wa bucha. Sikumkaribisha. Alijikaribisha, akakalia ndoo iliyofunikwa, akatoa moyo wa ng'ombe mzima, umepasuliwa ubavuni.

"Nilitaka ambao haujapasuliwa," akasema, kana kwamba nimemuuliza. "Wanasema mkaguzi wa nyama lazima aupasue, aangalie minyoo. Nipe sindano ya shazia, shemeji. Na uzi mgumu."

Nilitaka kumwambia aende zake. Badala yake nikampa sindano ile ninayoshonea magunia, kwa sababu nilitaka kuona wazimu huu unaishia wapi. Alishona pale palipopasuliwa, mshono mbaya kweli, ningekuwa mwalimu wake ningemfumulia. Kisha akachukua kisu, akakata na kuondoa paa la chumba cha juu cha kushoto, ili aone ndani. Akanipa niushike kwa mikono miwili, mdomo juu.

Nimepika mioyo ya ng'ombe tangu niko msichana na sikuwa nimewahi kutazama ndani. Kuna mlango, na mlangoni kuna ngozi mbili laini, nyeupe, zimefungwa kwa nyuzi nyembamba zinazokwenda chini kushikana na nyama. Nyuzi zenyewe zinafanana na za cherehani, tena zimenyooka, hakuna hata moja iliyojisokota. Maduhu akamimina maji ya jagi. Ngozi zikaachana, maji yakashuka chumba cha chini yakajaa. Akaweka kiganja chake pale nje, penye nyama nene, akafumba macho, akabana.

Zile ngozi zikapanda, zikakutana, zikafunga. Hata tone halikurudi. Maji yalipata njia moja tu, ya mshipa mkuu, yakaruka na kunipiga kifuani. Nikapiga kelele. Maduhu hakucheka. Akamimina tena, akabana tena, mara nyingi, mpaka gauni langu likalowa, na kila mara mlango ulifunga.

Halafu akaingiza ncha ya kisu, akakata baadhi ya nyuzi. Akamimina maji, akafumba macho, akabana. Ngozi moja ikapinduka, ikabaki wazi, na maji yakarudi juu yakampiga yeye usoni.

Hakujifuta. Alikaa hivyo, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Duarani maji yanatoka ardhini," akasema taratibu. "Unayavuta, unayamwaga porini, umemalizana nayo. Haya ni yale yale, shemeji. Yanakwenda yanarudi. Kumbe hakuna siku ya kukauka."

Nikauweka ule moyo kwenye sufuria.

"Dawa ilikuwa inaisaidia pampu mbovu kila siku. Mimi nikaiondoa. Nilidhani nailinda isiungue."

Akaanza kulia, mtu mzima, na mikono yake ya damu hajui aiweke wapi. Sikumbembeleza. Nilikuwa bado na hasira, na dada yangu alikuwa bado kwenye mashine ya hewa. Lakini niliondoa neno muuaji kichwani, hilo nililiondoa pale pale. Moyo ule niliupika na vitunguu kwa sababu nyama haitupwi. Maduhu alikula ugali kwa mchicha.

Mbuke alipoweza kuongea vizuri, Maduhu alikwenda akakaa kitandani kwake akamweleza yote, kopo, sheria ya kavu, moyo wa ng'ombe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya uji. Dada yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mimi nilifurahi, baba Hosiana. Viatu vilikuwa vinaingia." Kisha akamwomba yeye ndiye amnyweshe uji niliouleta.

Vidonge pekee havikutosha tena. Daktari Violeth alituita mara ya pili akasema valvu lazima ibadilishwe, na upasuaji huo unafanyika Dar es Salaam. Mambo ya gharama tuliyazungumza kama ukoo, ng'ombe wakauzwa, parokia ikachangia, sitaki kuyarefusha. Kilichokaribia kutukwamisha kilikuwa kingine. Mbuke aliuliza wanawezaje kushona moyo unaoruka. Daktari akamwambia ukweli. Wanausimamisha kwanza.

Maduhu akasimama. "Mnauzima?"

"Kwa muda, baba."

"Hapana." Sijawahi kumsikia akisema hapana kwa mtu wa ofisini. "Ulinichorea mwenyewe, moyo unazungusha damu bila kusimama. Nimeuona. Nikizima mimi ni kosa, mkizima nyinyi ni tiba?"

Mimi nikajikuta niko upande wake, na hilo lilinishangaza. Mbuke naye alikuwa ameikamata shuka. Akasema kwa upole kwamba mwili ni wake na uamuzi ni wake, ila habari za kuzima na kuwasha mumewe anazijua kuliko yeye. Akiridhika Maduhu, na yeye ataridhika. Maisha ya dada yangu yakabaki mikononi mwa mtu ambaye nilikuwa sijamsamehe.

Violeth akakaa upya. Akaeleza kwamba kuna mashine nje ya mwili. Wanachukua damu kabla haijaingia moyoni, mashine inaipa hewa badala ya mapafu, inaisukuma mwilini badala ya moyo. Moyo unapumzika, fundi anafanya kazi, kisha unaamshwa.

Maduhu akaketi tena. "Hiyo ya nje," akasema, "mnaiwasha kabla ya kuzima ya ndani? Au mnazima kwanza?"

"Kabla. Mpaka tuhakikishe inasukuma sawasawa."

"Na mtu anakaa nayo?"

"Kuna mtu kazi yake ni hiyo tu. Haondoki."

Akamgeukia mkewe. "Ni pampu ya akiba," akamwambia. "Hata sisi tukifungua ile kubwa tunaitanguliza ya akiba. Wanajua kazi yao. Twende."

Wakaenda. Siku ya upasuaji nilikuwa Ngokolo na sikushona hata pindo moja sawa. Jioni Maduhu akapiga simu kutoka Dar, na kabla sijamwamkia akasema, "Wameuwasha."

Mbuke amerudi nyumbani. Hachoti tena maji lambo, ila ameanza kulima bustani, na kanisani anakwenda na viatu vyake vyeusi. Valvu waliyomwekea si ya nyama, ni ya kutengenezwa, na inagonga. Nyumba ikinyamaza unaisikia kifuani mwake, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyofichwa ndani ya nguo. Anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kwenye valvu hiyo, na atainywa maisha yake yote. Lile kopo la maziwa limeondolewa juu ya kabati, limepandwa mchaichai.

Kila baada ya muda anakuja mjini kupimwa damu, na anapokuja analala kwangu. Asubuhi tukiwa bado tunakunywa chai, simu yangu inaita. Ni Maduhu, yuko machimboni, na nyuma yake pampu inanguruma mpaka simu inatetemeka.

"Mwangaluka, shemeji," ananiamkia kwa Kisukuma. "Niwekee."

Ninajua anataka nini. Mara ya kwanza nilimtania, nikamwambia kwa kelele zile hata radi hataisikia. Akasema ngoja. Nikasikia mngurumo ukishuka, ukakohoa, ukakatika. Nikasikia Ndaki, mwenye duara, akipiga kelele kwa mbali, "Maduhu! Duara halijakauka, unazima nini?" Na Maduhu akimjibu, "Maji yatasubiri, tajiri. Kidogo tu."

Nikaisogeza simu kwenye kifua cha dada yangu. Mbuke akakaa wima, akaacha kutafuna, akashikilia ukosi wa gauni usikwaruze. Tukakaa hivyo wote watatu bila kusema. Niliposikia anavuta pumzi upande wa pili, nilijua ameshafumbua macho, na nikajikuta nalia juu ya chai yangu, maana nilikuwa nimeshamsamehe na sikumbuki ni lini.

"Wabeja, shemeji," akanishukuru. Kisha akaenda kuiwasha ya kwake.